Ukurasa Mmoja kwa Kila Raia

Katika Jamhuri ya Neemani, ambako sisi wananchi tumejaliwa viongozi wanaotufikiria hata tusipoomba kufikiriwa, lilipata kutolewa agizo jema sana kuhusu hati za viwanja. Nitalisimulia kama lilivyokuwa, bila kutia chumvi, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu chumvi yenyewe siku hizi ina kibali chake.

Waziri wa Ardhi na Ustaarabu, Mheshimiwa Dokta Fanuel Makubazi, alikuwa amegundua kwamba hati zetu zinateseka. Alieleza redioni, kwa sauti iliyokaribia kulia, kwamba zimefungiwa masandukuni, zimelaliwa chini ya magodoro, zimefichwa nyuma ya picha za harusi, na hazijaona mwanga tangu ziandikwe. Serikali yenye huruma isingeweza kuvumilia hali hiyo. Akaagiza kila hati ipitishwe kwenye skana na kutumwa wizarani kwa baruapepe kabla ya saa kumi alasiri ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kiwanja ambacho hati yake haingekuwa imefika saa hiyo kingehesabiwa kuwa kiwanja yatima, na serikali, kwa kuwa ndiyo mzazi wa yatima wote, ingekitafutia mlezi.

Vibanda vya mjini vinavyotoa nakala vilipigwa marufuku kugusa hati, kwa kuwa ilibainika kwamba mwanga wa mashine zao ni wa kibiashara. Skana iliyoruhusiwa ilikuwa moja tu, ile iliyowekwa ghorofa ya chini ya Maktaba ya Taifa kwa matumizi ya umma. Na kwa kuwa kitu cha watu wote huchoka upesi, ikapitishwa kanuni kwamba kila raia ana haki ya ukurasa mmoja kwa mwaka. Wenye hati za kurasa mbili walishauriwa wachague ukurasa wanaoupenda zaidi.

Bi Shukuru Malenda hakuwa na tatizo hilo. Hati yake ilikuwa ya ukurasa mmoja, imepauka kwenye mikunjo, na aliibeba ndani ya kitambaa cheupe kama mtu anavyobeba mtoto mchanga. Hilo halikuwa ajabu. Alikuwa mkunga mstaafu wa hospitali ya wilaya, mama wa miaka sitini na minane, mfupi, mwenye mikono mipana na tabia ya kumtazama mtu usoni mpaka aseme kinachomuuma. Mumewe alikuwa amefariki. Kilichobaki kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu katika Mtaa wa Mikaratusi, bustani ya mchicha, na kaburi la mume huyo mwishoni mwa bustani. Kwa hiyo, kama kiwanja kile kingepewa mlezi, mlezi angepewa pamoja na marehemu.

Alifika maktaba Jumatano asubuhi. Mimi nilifika dakika tano baada yake, na ndivyo nilivyopata nafasi nyuma yake kwa siku tatu. Mimi ni msahihishaji mstaafu wa Gazeti la Serikali. Kwa miaka ishirini na saba niliondoa makosa ya herufi na kuyaacha makosa mengine.

Maktaba ilikuwa imeandaliwa vizuri. Vitabu vyote vilikuwa vimepandishwa ghorofa ya juu na kufungiwa, ili visisumbue foleni. Mahali palipokuwa na meza za wasomaji palikuwa na madirisha matano ya wino na mihuri. Kwenye dirisha la kwanza ulitoa barua ya mjumbe wa mtaa inayothibitisha kwamba wewe ni wewe. Dirisha la pili lilithibitisha kwamba mjumbe ni mjumbe. Kwenye dirisha la tatu uliapa kutopumulia kioo. La nne lilikuwa limefungwa, lakini ilibidi usimame mbele yake kwa muda wa kutosha. La tano lilikupa namba, na namba yetu haikufikiwa Jumatano wala Alhamisi.

Skana yenyewe ilikaa juu ya jukwaa dogo, imefunikwa kitambaa cha kitenge chenye picha ya Rais. Kila raia alipofikiwa, watu wote walisimama, kitambaa kikaondolewa kwa mikono miwili, kikakunjwa bila kumkunja Rais usoni, na baada ya kazi kikarudishwa. Shughuli hiyo ilichukua dakika ishirini. Kunakili kulichukua sekunde tisa.

Mwangalizi wa skana alikuwa mkutubi mmoja aitwaye Tegemea Kihwelo, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mpole, ambaye kabla ya agizo kazi yake ilikuwa kuwaazima watu vitabu. Alikuwa na kipaza sauti kidogo cha kutangazia kanuni, lakini hakukitumia. Alikuwa akija karibu na mtu na kumweleza taratibu, kama anamwonea haya. Siku ya pili aliona miguu ya Bi Shukuru imevimba akamletea kiti chake. Tangu hapo yeye ndiye aliyesimama.

Ijumaa saa nane mchana zilikuwa zimebaki namba mbili mbele yetu. Ndipo akaingia Bwana Lukindo, Katibu wa Waziri, na faili kwapani. Alitangaza kwamba ana kazi ya taifa, na taifa likampisha. Kanuni ya ukurasa mmoja haikuwahusu maofisa, kwa kuwa ofisa si raia mmoja bali ni ofisi. Alinakili ukurasa baada ya ukurasa, akibonyeza kwa kidole cha mwisho kama mtu anayeonja supu. Nusu saa ikapita, kisha saa nzima. Wale wenye namba mbili mbele yetu wakakata tamaa wakaenda kuagana na viwanja vyao.

Saa tisa na dakika tano simu ya Bwana Lukindo ililia. Alipoona jina la anayepiga alisimama wima, akaitikia ndiyo mara sita, akakusanya makaratasi yake na kutoka mbio. Tegemea akaita namba ya Bi Shukuru.

Bi Shukuru akapanda jukwaani, akafungua kitambaa chake, akainua kifuniko cha skana. Juu ya kioo kulikuwa na karatasi. Bwana Lukindo alikuwa ameusahau ukurasa wake wa mwisho.

Nataka ieleweke kwamba mama yule alikuwa mwaminifu. Jambo la kwanza alilofanya ni kuichukua ile karatasi na kuelekea mlangoni kumwita mwenyewe. Lakini gari la Katibu lilikuwa limeshaondoka, na ukishika karatasi mkononi macho yanaishukia. Akasoma. Akavaa miwani akasoma tena. Kisha akarudi jukwaani polepole, akamwonyesha Tegemea, na mimi kwa kuwa nilikuwa nyuma yake, na kwa kuwa kusoma kazi ya mtu juu ya bega lake ndiko kulikonilea, nikasoma pia.

Kichwa cha karatasi kilisema: *Orodha ya Viwanja Yatima na Walezi Wake*. Ilikuwa na tarehe ya kesho yake, Jumamosi, na sahihi ya Waziri. Viwanja vilikuwa sitini na vinne. Kila kiwanja kilikuwa na jina la mwenyewe upande wa kushoto na jina la mlezi upande wa kulia. Walezi wengi walikuwa wa ukoo wa Makubazi, maana ukoo huo una moyo wa kulea. Namba thelathini na saba ilikuwa Bi Shukuru Malenda, Mtaa wa Mikaratusi. Mlezi wake alikuwa mama mkwe wa Waziri, na kwenye safu ya matumizi iliandikwa: kufugia bata bukini.

Zilikuwa zimebaki dakika hamsini kabla ya viwanja hivyo kuwa yatima, lakini serikali yetu imesifika kwa kujiandaa mapema.

Tegemea akatazama mlangoni. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nakili hati yako utume. Ikifika kabla ya saa kumi hawana namna. Hiyo nyingine niachie, nitasema sikuiona."

Lilikuwa shauri zuri. Bi Shukuru aliitandaza hati yake juu ya kioo. Lakini ile orodha ilikuwa bado mkono wa kushoto, naye akawa anaitazama, anapitisha kidole majina yalipo. Akafika namba kumi na mbili akasimama. Alituambia kwamba huyo ni yeye mwenyewe aliyemzalisha, mvua inanyesha, umeme umekatika, mtoto katanguliza miguu. Namba ishirini alimzalisha mama yake. Namba arobaini na moja alikuwa mjane aliyezaa pacha, mmoja akafa mikononi mwake, na mpaka leo wakikutana sokoni hawaongei, wanashikana tu mikono. Alihesabu kumi na tisa ambao kilio chao cha kwanza alikuwa amekisikia kabla mama zao hawajakisikia.

"Hawa wengine wako kwenye foleni?" akauliza.

Tegemea akaangalia daftari lake. Wanane walikuwa nje, kwenye namba ambazo zisingefikiwa mpaka wiki ijayo. Waliobaki hawakuwa wamekuja. Wengine hawakuwa na redio.

"Kanuni inasema ninakili ukurasa gani?"

Hapa ndipo nilipomfahamu Tegemea Kihwelo. Angeweza kusema hati yako, mama, na mambo yakaishia hapo. Alichukua kitabu cha kanuni, akakifungua, akakisoma kama anayetafuta neno alilolipoteza yeye mwenyewe. Alisema kanuni inataja ukurasa mmoja. Haisemi uwe wako. Kisha akamweleza, bila kuulizwa, kwamba skana ile ina vitufe viwili vya kutuma. Cha kwanza hupeleka wizarani peke yake. Cha pili kimeandikwa *Wote*, na hupeleka kwenye ofisi zote za serikali, magazeti yote, redio na kwa watendaji wa kata zote, na hutumika mara moja tu kwa mwaka, siku ya kuzaliwa Waziri, kusambaza salamu zake. Alipokwisha kusema hayo akageuka, akaanza kukunja kitambaa cha Rais ambacho kilikuwa kimeshakunjwa.

Bi Shukuru alisimama pale kwa muda ambao mimi niliuona mrefu. Niliona midomo yake inacheza, nikadhani anaomba. Baadaye aliniambia alikuwa akiongea na mumewe, anamwomba radhi. Akaiondoa hati yake kwenye kioo, akaiweka orodha, akafunga kifuniko kwa viganja viwili, akabonyeza *Wote*.

Sekunde tisa.

Sasa nina jambo la kukiri, na nitalisema upesi. Nilikuwa nyuma yake. Nami nilikuwa na ukurasa mmoja. Ningeweza kumwambia nipe hati yako, mama, niipitishe kwa namba yangu. Jina langu halikuwa kwenye ile orodha, niliangalia vizuri. Lakini niliwaza kwamba huenda kuna orodha nyingine. Nikapanda jukwaani, nikanakili hati yangu, ikatoka safi, hata doa halikuonekana. Bi Shukuru alinipisha njia, akaniambia hongera. Saa kumi ilipogonga alikuwa ameketi kwenye kiti cha Tegemea, anakifunga tena kitambaa chake cheupe.

Kufikia jioni orodha ilikuwa imebandikwa kwenye mbao za matangazo za kata zote, kwa sababu watendaji wetu ni watiifu, na kinachotoka kwa Waziri hubandikwa kabla ya kusomwa. Jumamosi walezi walipofika na mafundi wao wa kupima, walikuta wenye viwanja wamekaa vibarazani na nakala mikononi, na majirani wamekuja na vigoda vyao kukaa nao. Mama mkwe wa Waziri alifika Mikaratusi na matenga ya bata bukini, akawakuta watu thelathini kwenye bustani ya mchicha, akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Serikali ilichukua hatua siku hiyohiyo. Ilitangaza kwanza kwamba orodha hiyo haipo. Kisha ikatangaza kwamba kila aliye na nakala ya orodha isiyokuwepo airudishe. Skana ilikamatwa. Ilipelekwa kituoni ikiwa imefunikwa kitambaa chake, ikahojiwa kwa siku tatu na wataalamu, haikusema kitu, na taarifa ya polisi ikaisifu kwa kutunza siri za taifa.

Maofisa wawili walikwenda kwa Bi Shukuru kumuuliza nani alibonyeza. Akawaambia ni yeye. Wakamuuliza nani alimtuma. Akawaambia hakuna. Wakaandika kwamba mtuhumiwa anamficha mtu mkubwa, kwa kuwa haiwezekani mkunga mstaafu akabonyeza kitu peke yake. Wakaacha kumsumbua wakaanza kumtafuta huyo mtu mkubwa, na nasikia wanaogopana wao kwa wao mpaka sasa.

Tegemea hakuwa na bahati hiyo. Yeye alikuwa mdogo kiasi cha kuadhibika. Alihamishiwa tawi la maktaba lililopo mpakani, lenye jengo na mlinzi, lakini halijapata kuwa na kitabu. Bi Shukuru alikwenda kituo cha basi kumuaga na chupa ya chai. Alimwambia, "Mwanangu, nimekuponza." Tegemea akamjibu kwamba tangu vitabu vifungiwe ghorofani hajaona siku aliyofanya kazi ya ukutubi isipokuwa ile: mtu alikuja na karatasi, na karatasi ikasomwa.

Magazeti hayakunyamaza. Wiki ya pili Waziri Makubazi akaona heri aseme ukweli. Alieleza redioni kwamba ile orodha ilikuwa zoezi la kupima umakini wa wananchi, na wananchi wamefaulu. Ili kuwapongeza, kila mmoja kati ya wale sitini na wanne angekabidhiwa Hati ya Uthibitisho, mbele ya umma, katika Uwanja wa Taifa.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Watumishi wa serikali na wanafunzi waliletwa kwa malori kupiga makofi. Wale sitini na wanne walikaa katikati ya nyasi kwenye viti vyeupe, kila mmoja na bahasha mapajani, na tangazo kwamba bahasha zisifunguliwe mpaka wimbo wa taifa. Mimi nilikuwa jukwaa la upande wa magharibi. Nilikwenda kwa hiari yangu, ila nilikaa mbali.

Waziri alihutubu kwa saa moja na nusu. Alisema ardhi ni mama, na mama ni serikali, na kwa hiyo mtu anayekaa juu ya ardhi amekaa mapajani mwa serikali. Makofi yakapigwa. Halafu, ili wapiga picha waone kwamba hana kinyongo, akaamuru Bi Shukuru aitwe wa kwanza, mbele ya kipaza sauti. Akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwita mama yangu mzazi, akamtaka atoe neno la shukrani.

Bi Shukuru alisema neno atalitoa akishajua anashukuru nini. Akachana bahasha, akatoa miwani mfukoni, akaanza kusoma. Waziri akaendelea kutabasamu kwa wapiga picha. Tabasamu lilichakaa kidogokidogo, maana mama alikuwa anasoma kila neno, hata muhuri. Alipofika chini akarudia mstari mmoja kwa sauti, kipaza sauti kikaupeleka uwanja mzima: kwamba kiwanja kilichotajwa kitaendelea kutunzwa na Bi Shukuru Malenda *hadi atakapopatikana mwenyewe*.

Akavua miwani. "Mheshimiwa," akauliza, si kwa ukali, kama anavyomuuliza mama mjamzito tarehe zake, "mwenyewe ni nani?"

Waziri akageukia wapiga picha. Na kule kwenye nyasi zikaanza kusikika bahasha zinachanika, moja, tatu, kumi, halafu zote. Watu sitini na watatu waliinamisha vichwa wakasoma. Wasiojua kusoma waliegemea waliojua. Watu wa majukwaani, ambao waliletwa kupiga makofi, walishuka ngazi kuja kusoma juu ya mabega yao. Kiongozi wa bendi aliinua kijiti ili muziki ufunike jambo, lakini mpiga tarumbeta alikuwa ameinama karatasini na yule mjane, namba arobaini na moja. Nami nikashuka, bila kujua nani amenituma.

Nimeishi Neemani miaka yangu yote. Tuna kanuni za kelele, za maandamano, za kuzomea, hata za kukohoa wakati wa hotuba. Kwa watu elfu saba waliokaa kimya wakisoma hatukuwa na kanuni, na polisi walitazamana, wakashusha virungu.

Hatimaye Waziri alisema ni kosa la uchapaji. Alisema wizara italishughulikia, watu warudi nyumbani, hati mpya zitakuwa tayari baada ya miezi mitatu. Nilikuwa nimefika karibu na jukwaa. Kazi yangu ya miaka ishirini na saba ikanipanda kooni, na safari hii sikuimeza. Nikasema kwamba kosa la uchapaji halihitaji miezi mitatu. Unapiga mstari juu ya maneno, unaweka sahihi pembeni. Sauti yangu ilitoka nyembamba, lakini Bi Shukuru aliisikia, akageuka akanitazama, akatikisa kichwa kukubali.

"Kalamu unazo," akamwambia Waziri.

Alikuwa nazo tatu, mfukoni mwa koti. Ikaletwa meza. Ikapangwa foleni, na watu wa Neemani wanajua kupanga foleni. Mheshimiwa Dokta Fanuel Makubazi aliketi juani, akapokea karatasi ya kwanza, akapiga mstari juu ya maneno matatu, akaweka sahihi, akapiga muhuri, akaisukuma mbele. Nyuma walikuwa wamesimama sitini na watatu.

Bi Shukuru hakuondoka. Alivaa miwani, akaanza kuisoma hati yake upya, tangu neno la kwanza.

Waziri akasubiri.